Kuikagua Nyumba ya Tofali: Nyufa, Unyevu na Kasoro Nyingine

Nyumba nyingi za mijini Tanzania hazijengwi kwa mkupuo mmoja. Kiwanja hununuliwa, msingi huchimbwa mwaka unaofuata, kuta hupanda pesa inapopatikana, kisha boma husimama masika mbili au tatu likingoja bati. Kasoro nyingi zinazojitokeza nyumba ikishapakwa rangi na kuhamiwa huzaliwa katika vipindi hivyo vya kungoja. Nondo zilizochomoza juu ya nguzo huota kutu, tofali hunywa mvua, zege jipya humwagwa juu ya zege la zamani lisilosuguliwa wala kuloweshwa, na fundi wa tatu huendeleza kazi ya fundi wa pili bila kujua wa kwanza alichimba kwenda chini kiasi gani. Kwa hiyo ukaguzi wa nyumba, iwe ya kununua, ya kurithi au ile ambayo mtu anaishi mwenyewe, huanza na historia yake: ilianza kujengwa lini, ilisimama mara ngapi, na kila hatua ilishikwa na nani.

Baada ya historia hufuata maji. Katika hali ya hewa ya Pwani, na hata ya bara, kasoro chache sana hazina mkono wa maji ndani yake. Maji hushuka kutoka kwenye paa, hupanda kutoka ardhini, huvuja kutoka kwenye bomba ndani ya ukuta, huvimbisha udongo chini ya msingi. Hata yasipokuwepo huleta hasara: zege na lipu visivyomwagiliwa siku za mwanzo hubaki dhaifu maisha yake yote. Ufa, rangi inayobanduka na doa la kahawia kwenye dari ni alama tu, na chanzo chake mara nyingi kiko mita kadhaa kutoka hapo. Kuziba alama kabla ya kujua chanzo ndiyo gharama kubwa kuliko zote wanazojitwisha wenye nyumba, kwa sababu kazi ileile hulipiwa kila mwaka.

Wakati na vifaa

Siku nzuri ya kukagua ni moja au mbili baada ya mvua kubwa, wakati wa masika kati ya Machi na Mei, au wakati wa vuli mwishoni mwa mwaka. Kiangazi huficha mengi. Ukuta uliolowa Aprili huwa mkavu Agosti, na kopo moja la rangi humaliza ushahidi. Rangi mpya kwenye ukuta mmoja tu wa chumba, au kwenye ukanda wa chini wa kuta zote hadi usawa wa goti, ni sababu ya kutosha ya kumuuliza muuzaji ilipakwa kwa ajili gani. Kabati zito lililosogezwa kwenye kona isiyo ya kawaida nalo lisogezwe.

Vifaa ni vya kawaida: tochi kali, timazi, pima maji, futi, bisibisi bapa, sarafu, gololi, penseli, ngazi na simu ya kupigia picha. Sarafu hutumika kugonga marumaru na lipu. Panapotoa mlio mtupu, kilichobandikwa kimeachana na kilicho nyuma yake. Bisibisi huchomwa kwenye mbao, na gololi huwekwa sakafuni kuonyesha upande ulioinama. Mwendo wa ukaguzi ni kutoka nje kuja ndani. Asiyeliona paa na mteremko wa kiwanja kwanza hawezi kuyafasiri madoa ya chumbani.

Kiwanja, udongo na msingi

Kabla ya kuitazama nyumba yenyewe hutazamwa mahali ilipokaa. Maji ya mvua yanatoka wapi na yanaelekea wapi? Nyumba iliyo chini ya usawa wa barabara, au iliyokatiwa kwenye mteremko bila mfereji nyuma yake, hupokea maji ya mtaa mzima. Bonde la Msimbazi jijini Dar es Salaam limekuwa likifurika mara kwa mara, na mafuriko ya Desemba 2011 yaliziacha nyumba nyingi za mabondeni hazikaliki. Aliyenunua mahali kama hapo hatatuliwi tatizo na fundi yeyote. Zaidi ya hayo, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa au bahari, na nyumba iliyomo katika eneo hilo inaweza kuvunjwa hata kama kuta zake hazina ufa hata mmoja.

Udongo nao hujieleza. Mfinyanzi unaovimba ukilowa na kusinyaa ukikauka ni adui mkubwa wa nyumba nyepesi zisizo na ghorofa. Upo katika maeneo ya Kibaha, upo katika mbuga nyingi za bara zenye udongo mweusi, na upo katika sehemu kubwa ya Nairobi. Wakati wa kiangazi hupasuka mianya inayomeza kidole. Wakati wa mvua hunata kwenye viatu hadi mtu akashindwa kutembea. Nyumba iliyo juu yake hunyanyuliwa na kushushwa kila mwaka, na pembe zake, zinazolowa kwanza na kukauka kwanza, ndizo zinazohangaika zaidi kuliko katikati.

Njia nyepesi ya kuujua udongo ni kutazama uzio wa majirani. Uzio hujengwa kwa msingi mfupi na bila nondo za kutosha, kwa hiyo huwa wa kwanza kulalama. Mtaa ambao kila uzio umelala upande au umekatika vipande kila mita chache una udongo unaocheza, hata kama nyumba inayouzwa imepigwa lipu jana. Miti mikubwa nayo hupimwa kwa macho: mwembe au mfenesi ulio mita mbili kutoka ukutani hunyonya unyevu chini ya msingi upande mmoja tu, na mizizi yake hufuata mabomba ya majitaka.

Pembeni mwa nyumba inatakiwa kuwe na ukanda wa zege wenye upana wa kama mita moja, ulioinama kwenda nje ili maji ya paa yasidondoke miguuni mwa ukuta. Nyumba nyingi hazina ukanda huo. Matone huchimba mtaro mdogo chini ya ukingo wa bati, udongo huondoka mwaka hadi mwaka, na mwisho msingi huonekana wazi kama ufizi uliopanda. Kati ya kasoro zote hii ndiyo rahisi kuitibu, na inasikitisha kuona inavyoachwa.

Ndani ya nyumba, jamvi lililotitia hujionyesha kwenye mwanya kati ya sakafu na skatingi. Ukuta haujashuka, sakafu ndiyo iliyoshuka, kwa sababu kifusi kilichojazwa ndani ya msingi hakikushindiliwa kwa tabaka wala kumwagiliwa. Dawa yake ni kuivunja sakafu ya sehemu hiyo, kushindilia upya na kumwaga zege. Kuongeza marumaru mpya juu ya zile zilizozama ni kuongeza uzito tu.

Nyufa

Ufa ndio unaowatisha watu kuliko kasoro nyingine yoyote, na hofu hiyo mara nyingi huwekwa mahali pasipostahili. Mtandao wa nyufa nyembamba kama ramani juu ya lipu hutokana na lipu iliyokauka haraka au yenye saruji nyingi kupita kiasi. Unachukiza macho, lakini haubomoi nyumba. Ufa ulionyooka kutoka swichi kwenda juu hadi dari umefuata mfereji uliochimbwa na fundi umeme na kuzibwa kwa uvivu. Ufa wima mahali nguzo ya zege inapokutana na tofali hutokea kwa sababu vitu hivyo viwili havitanuki wala kusinyaa sawasawa. Kama tofali hazikufungwa kwenye nguzo kwa vipande vya nondo au waya, mstari huo utaonekana tu, leo au kesho.

Ufa wa kuchukuliwa kwa uzito ni ule unaokwenda mshazari. Mfano wake wa kawaida huanzia kona ya chini ya dirisha na kushuka kama ngazi, ukifuata viungo vya tofali: hatua moja pembeni, hatua moja chini, hadi unapotea ardhini karibu na pembe ya nyumba. Ufa wa namna hii husomeka. Ukiwa mpana juu na mwembamba chini, pembe ya nyumba inashuka na kujitenga na katikati. Ukiwa mpana chini na mwembamba juu, katikati ya ukuta ndiko kunakotitia. Mkaguzi hutoka nje kuutafuta upande wa pili wa ukuta huohuo. Ufa unaoonekana ndani na nje mahali pamoja umekata tofali zote, na hapo suala si la lipu tena.

Upana hupimwa kwa kitu kilicho mfukoni. Kadi ya benki ina unene wa pungufu kidogo ya milimita 1. Ufa usioipitisha kadi hiyo huweza kuzibwa wakati wa kupaka rangi. Ufa unaoipitisha, hadi kufika milimita 5 hivi, hutakiwa kufuatiliwa, na milango na madirisha ya karibu yajaribiwe kama bado yanafunga bila kukwama. Ukizidi milimita 5, hasa kama upande mmoja wa ukuta umejitokeza mbele kuliko mwingine, mhandisi aitwe kabla ya kazi nyingine yoyote.

Jambo kubwa kuliko upana ni kama ufa unaendelea au umetulia. Ufa mpana wa miaka 10 uliokwisha kutulia una nafuu kuliko mwembamba wa mwezi uliopita unaokua. Penseli hutosha kuujua ukweli. Kila ncha ya ufa huwekewa mstari mfupi pamoja na tarehe, na misumari miwili midogo hupigwa, mmoja kila upande wa ufa, kisha nafasi kati yake hupimwa kila mwezi. Kipimo hicho kipitie angalau masika moja na kiangazi kimoja. Namba zinazopanda wakati wa mvua na kushuka wakati wa ukame hutaja mfinyanzi. Zinazopanda bila kurudi hutaja msingi unaotitia au bomba linalovuja chini yake. Bomba la majitaka lililopasuka karibu na msingi ni chanzo kinachosahaulika sana, na hutengenezwa kwa bei ndogo kuliko msingi.

Kundi la mwisho ni nyufa za juu ya milango na madirisha. Linta inatakiwa kuingia ndani ya ukuta sentimita 15 hadi 20 kila upande. Inapoishia ukingoni, uzito wote hubanwa kwenye nusu tofali na kona hupasuka. Nyumba yenye mkanda wa zege unaozunguka kuta zote haina shida hiyo, na ina faida nyingine kubwa kwa wakazi wa Kagera na maeneo mengine yanayotikiswa. Tetemeko la Bukoba la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liliangusha nyumba nyingi za tofali ambazo kuta zake hazikufungamanishwa na kitu chochote juu. Anayejenga kwa kubana matumizi apunguze marumaru, apunguze jipsamu ya maua, lakini mkanda asiuguse.

Ufa uliothibitika kutulia hutanuliwa kwa patasi hadi uwe na mdomo, hufagiwa vumbi, huloweshwa, hujazwa saruji na mchanga, kisha hufunikwa wavu wa waya upana wa kiganja kila upande kabla ya lipu. Bila wavu, mstari hurudi.

Tofali, zege na nondo

Udhaifu wa tofali hautibiki, kwa hiyo hutafutwa mapema, hasa mtu akiwa ananunua boma ambalo bado halijapigwa lipu. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 hutoa takribani tofali 30 hadi 35 za inchi 6 zenye nguvu ya kuridhisha, na wauzaji wengi huuvuta mfuko huo mbali zaidi. Tofali iliyofyatuliwa hivyo humeguka kwa kidole kwenye kingo, na msumari uliokunwa juu yake hutoa mchanga mkavu badala ya mkwaruzo. Boma la tofali za namna hiyo lina bei yake, na bei hiyo iko karibu sana na bei ya kiwanja kitupu.

Kwenye zege adui ni kutu. Nondo hulindwa na zege linaloizunguka. Zege likiwa jembamba au lenye matundu, hewa, maji na chumvi ya bahari huifikia. Kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichokuwepo, kwa hiyo huvimba na kulipasua zege kutoka ndani. Dalili hufuata mpangilio uleule: ufa ulionyooka unaofuata nondo, doa la rangi ya chai, kisha kipande cha zege kudondoka na nondo kuonekana. Kwenye nyumba za ufukweni, kuanzia Kigamboni hadi Bagamoyo, au Nyali kule Mombasa, hali hiyo hufika miaka mingi mapema kuliko bara. Mara nyingi kosa lilifanyika siku ya kumwaga zege: vipande vidogo vya zege ambavyo mafundi huviita biskuti, vya kuinyanyua nondo isilalie mbao, havikuwekwa.

Bakoni hustahili aya yake. Tofauti na sakafu ya ghorofa iliyoshikwa pande zote, bakoni inayoning'inia huvutika upande wa juu, na nondo zake kuu hutakiwa ziwe juu. Fundi aliyezoea kuziweka chini huziweka chini pia hapo, au huziweka juu kisha vibarua wakazikanyaga wakati wa kumwaga zege hadi zikashuka. Kutoka chini bakoni huonekana nzima. Ufa wa hatari uko juu, kwenye mstari inapoungana na ukuta wa nyumba, na mara nyingi umefunikwa na marumaru. Sakafu ya bakoni iliyoinama kwenda nje kuliko inavyohitajika kwa maji, marumaru zilizopasuka sambamba na mlango, na ukingo wa mbele uliolegea kidogo ukitazamwa kwa pima maji ni sababu za kuwazuia watu kusimama hapo hadi mhandisi afike.

Jengo la ghorofa kwa jumla halipimwi kwa macho. Tarehe 29 Machi 2013 jengo refu lililokuwa likijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, lilianguka na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa la biashara lilianguka Kariakoo likiwa na watu ndani. Mnunuzi wa nyumba ya ghorofa ana haki ya kudai michoro ya mhandisi iliyopitishwa, na kulinganisha idadi ya ghorofa kwenye michoro na idadi inayohesabika kwa kidole. Ghorofa iliyoongezwa baadaye juu ya nguzo zilizokusudiwa kubeba ghorofa chache, au ukuta na nguzo zilizoondolewa chini ili kupata fremu ya duka, ni mambo ya kuyakataa bila kuona haya.

Unyevu ukutani

Unyevu unaopanda hutambulika kwa usawa wake. Huishia kwenye mstari wa mawimbi, mara nyingi chini ya mita moja kutoka sakafuni, na juu ya mstari huo kuna chumvi nyeupe kama unga. Rangi hutoka mapovu, kisha lipu hulegea na kuacha mchanga kwenye skatingi kila asubuhi. Chanzo ni kukosekana kwa nailoni ya kuzuia maji kati ya msingi na ukuta, au nailoni hiyo kurukwa na lipu ya nje iliyoteremshwa hadi ardhini, au udongo wa bustani kulundikwa juu ya usawa wake. Sababu hizo mbili za mwisho hutibiwa kwa jembe na patasi kwa siku moja, na ni vyema zikatafutwa kwanza.

Chumvi peke yake, bila mstari, huweza kutoka kwenye mchanga. Mchanga wa ufukweni au wa mikondo inayofikiwa na maji ya bahari hubaki na chumvi, na chumvi huvuta unyevu wa hewa. Ukuta wa namna hiyo hulowa siku za joto zenye mvuke hata kama mvua haijanyesha wiki tatu. Rangi ya mafuta haiuponyi. Huziba matundu, na chumvi huisukuma rangi yote kwa kipande kimoja. Lipu hiyo hubanduliwa na kupigwa upya kwa mchanga wa mto ulio safi.

Unyevu wa bafuni huonekana nyuma ya bafu, katika chumba cha jirani: kivuli kwenye ukuta usawa wa bomba, fangasi nyeusi nyuma ya kabati, fremu ya mlango iliyooza miguu. Saruji ya kujazia kati ya marumaru huachia baada ya miaka michache na huhitaji kufanywa upya kama rangi inavyofanywa upya.

Nyumba za zamani za mwambao huhitaji mkono mwingine kabisa. Kuta za Mji Mkongwe wa Zanzibar, Lamu na Mombasa ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu zake hubebwa na boriti za mikoko. Ukuta wa chokaa hupumua: hulowa na kukauka bila madhara. Ukipigwa lipu ya saruji, maji yaliyo ndani hukosa njia ya kutokea, chokaa hulainika na vichwa vya boriti vilivyozikwa ukutani huoza bila kuonekana. Fundi anayeahidi kuiimarisha nyumba ya namna hiyo kwa saruji anaiharibu, hata kama nia yake ni njema. Jumba la Beit al Ajaib la Zanzibar, lililojengwa mwaka 1883 chini ya Sultani Barghash, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafa. Kwenye majengo ya umri huo kipindi cha ukarabati chenyewe ni cha hatari, na kazi haianzi kabla kuta hazijategemezwa.

Paa

Paa hukaguliwa mara mbili, juu yake na chini yake. Saa sita mchana mkaguzi huingia darini, huzima tochi na kungoja macho yazoee giza. Kila tundu la msumari hung'aa kama nyota, na kila nyota huwekewa alama. Kisha tochi huwashwa kutafuta michirizi kwenye kenchi, kwa kuwa maji hayadondoki yalipoingilia. Hufuata mbao hadi kwenye kiungo ndipo yakaanguka. Doa la kahawia lenye duara ndani ya duara kwenye jipsamu huonyesha kuwa imelowa na kukauka mara nyingi, na tundu lenyewe laweza kuwa mita tatu juu zaidi kwenye mteremko.

Namba ya geji huwachanganya wengi: geji 28 ni bati nene kuliko geji 30. Muuzaji anayetaja geji aonyeshe chapa iliyo nyuma ya bati. Misumari inatakiwa iwe mgongoni mwa mikunjo na kuwa na mpira. Iliyopigwa mabondeni, ambako maji hupita, itavuja tu. Bati linapopandana na jingine kwenye mteremko lilalie angalau sentimita 15, na zaidi kama paa ni la chini.

Paa la kuficha, linalopendwa sana sasa kwa nyumba za kisasa, ndilo linaloleta malalamiko mengi zaidi. Bati huinama kidogo tu nyuma ya ukuta ulioinuliwa, na maji yote hukusanywa kwenye mfereji ulio ndani ya nyumba badala ya nje. Majani machache ya mwarobaini yakiziba tundu la kutolea maji, mfereji hujaa, na maji hayana pa kwenda isipokuwa chumbani. Nyumba ya namna hii hukubalika ikiwa mfereji una matundu mawili au zaidi, kuna tundu la dharura lililo juu kidogo linalomwaga maji nje yakizidi, na kuna njia salama ya mtu kupanda kufagia. Pasipo na hayo matatu, bei ipunguzwe kwa gharama ya kuyafanya. Ukingo wa juu wa ukuta huo nao uwe umefunikwa, kwani maji huingilia juu na kushuka ndani ya tofali.

Nyumba za zamani, zikiwemo za mashirika na za kota, huenda bado zina mabati ya saruji yenye asbesto, ya kijivu na mazito. Yakiwa mazima hayana haraka. Hayakatwi kwa msumeno, hayatobolewi, hayasuguliwi kwa brashi yakiwa makavu. Vumbi lake huharibu mapafu. Kuyaondoa ni kazi ya wenye kibali na vifaa.

Mbao na mchwa

Mchwa hujenga njia ya udongo, nyembamba kama penseli, kutoka ardhini hadi kwenye mbao. Hutafutwa nyuma ya fremu za milango, ndani ya makabati ya jikoni, pembeni mwa mabomba yanayotoboa sakafu, na darini mahali kenchi zinapokalia ukuta. Bisibisi inayozama kwenye fremu bila nguvu imepata makao yao. Rangi imebaki kama ganda la yai. Kuvunja njia hakuwaui, ila huonyesha kama wapo: ikijengwa upya ndani ya siku chache, kundi liko hai, na dawa hutakiwa kupelekwa ardhini kuzunguka msingi. Unga laini chini ya mbao yenye vitundu ni kazi ya wadudu wengine wanaobungua, na wao hutibiwa ndani ya mbao yenyewe. Kenchi zilizopigwa dawa kiwandani huwa na rangi ya kijani iliyoingia ndani ya ubao. Dawa iliyopakwa kwa brashi huishia juu juu, na kipande kidogo kikikatwa huonyesha mara moja.

Mabomba, majitaka na umeme

Mabomba hupimwa kwa mita. Koki zote hufungwa usiku, namba za mita huandikwa, na asubuhi husomwa tena; zilizosogea zimetaja uvujaji. Vyoo vyote huvutwa kwa pamoja huku mtu mmoja akitazama kwenye chemba kama maji yanapita au yanatuama. Shimo la majitaka linalojaa kila baada ya miezi michache, katika nyumba ya familia ya kawaida, linapokea maji ya ardhini au udongo wake haunyonyi. Kisima kiwe mbali nalo, na umbali unaoshauriwa kwa kawaida ni mita 30.

Kwenye umeme, vifaa vyote huzimwa na taa ya mita ya LUKU inayopepesa kwa matumizi hutazamwa. Ikiendelea kupepesa, umeme unapotea mahali. Kitufe cha majaribio kwenye kikata umeme hubonyezwa mara moja; kisipokata, familia haina kinga ya shoti. Waya wa ardhi ufuatwe hadi kwenye fimbo yake nje, kwani mara nyingi hukatwa na wanaolima bustani. Yaliyobaki ni ya fundi mwenye leseni.

Mtaalamu na ripoti yake

Watu wengi huamini kuwa nyumba imekaguliwa kwa kuwa benki imetuma mthamini. Kazi ya mthamini ni kusema nyumba ina thamani gani. Hakuingia darini, wala hakupima ufa. Anayeweza kusema kama nyumba itasimama ni mhandisi wa majengo aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Mkadiriaji majenzi hukadiria gharama za matengenezo, na mpima ardhi huthibitisha kuwa ukuta haujavuka bikoni kuingia kwa jirani. Fundi mzoefu ni shahidi mzuri sana wa ubora wa kazi, lakini asiwe yuleyule atakayelipwa kutengeneza atakachokigundua.

Ripoti ya mhandisi inayofaa hutaja kila kasoro mahali ilipo, pamoja na picha, chanzo kinachodhaniwa, na uharaka wake: cha kufanywa kabla ya kuhamia, cha ndani ya mwaka, na cha kuangaliwa tu. Vipimo kama vya nyundo ya kupimia ugumu wa zege au shimo la kuona kina cha msingi vikihitajika, ripoti iseme na kutaja gharama. Kwa ripoti hiyo mkononi mnunuzi hupunguziwa bei kwa hoja, au humtaka muuzaji atengeneze kabla ya kusaini, na sehemu ya malipo ibakizwe kwa maandishi hadi masika moja ipite.

Mwenye nyumba anayebaki ndani yake hahitaji mhandisi kila mwaka. Huhitaji nusu siku mwezi Februari na nyingine mwezi Septemba, kabla ya mvua: kufagia mifereji, kupanda darini saa sita mchana, kuzunguka msingi, kusoma alama za penseli kwenye nyufa, kufungua chemba. Huhitaji pia daftari au folda ya simu yenye picha za mabomba na nyaya kabla hazijafunikwa na lipu, aina ya saruji na nondo zilizotumika, na namba za mafundi. Siku ukuta utakapolowa mahali pasipo na bomba lolote linalojulikana, picha hizo ndizo zitakazoonyesha pa kupiga patasi ya kwanza.